NAMNA YA KUOMBA RUZUKU YA KUKINGA MASHAMBA NA MOTO

Wanachama wa matawi mawili wametuuliza kwa nini ombi letu la fedha za kukinga moto lilirudishwa. Jibu twalijua, wala halipendezi: kosa lilikuwa letu. Tulijaza kurasa mbili kueleza ya kwamba moto ni adui, kisha tukaomba pampu ya injini na mipira yake. Bwana aliyeisoma barua hakubisha ya kwamba moto ni adui. Aliuliza mambo matatu tu: moto umeua mikarafuu mingapi, ulianzia wapi, na pampu hiyo itavuta maji gani huko juu mlimani? Hatukuwa na jibu hata moja.

Maswali kama hayo huulizwa popote pale Serikali inapotoa fedha. Marekani ilianza mwaka 2001 kuwapa ruzuku vikosi vya zimamoto, na fungu moja likatengwa kwa kazi ya kuzuia moto usitokee. Fungu hilo hata vyama visivyo vya biashara viliruhusiwa kuliomba. Mwombaji alitakiwa kwanza aonyeshe ni nani aliye hatarini na amejuaje. Kisha aeleze kazi yenyewe, gharama zake, na namna atakavyopima kama imefaa. Tena alitakiwa atoe mchango wake, asilimia 5 ya ruzuku. Maombi yalisomwa na watu waliokwisha kufanya kazi ya moto wenyewe, na mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa maneno makubwa.

Basi na tuanze na hatari yetu. Moto wa mashambani tunauogopa zaidi Januari na Februari, wakati wa kaskazi, majani yamekauka na watu wanasafisha makonde. Mtu hukusanya magugu yake akayachoma adhuhuri, upepo ukageuka. Wako pia warina asali wanaoacha mienge chini ya mti, na wachumaji wanaoondoka kambini mafiga yangali na makaa. (Sigara hatuzitaji, maana kila mvutaji husema ni ya mwenzake.) Mkarafuu hauvumilii. Gome lake ni jembamba, na mizizi yake midogo imo karibu na uso wa ardhi; moto wa majani uliopita chini bila kugusa tawi waweza kuuua mti mzima, nawe ukadhani umeokoka. Mche utakaoupanda mahali pake utakuweka miaka 6 hadi 8 kabla ya kuona karafuu ya kwanza. Wazee wa Unguja walijua maana ya kungoja huko baada ya tufani la 1872 kuiangusha mikarafuu yao.

Haya yote hayana nguvu ofisini mpaka yaandikwe kwa hesabu. Kila tawi liwe na daftari moja la moto. Andikeni tarehe, saa, upepo ulikotoka, moto ulikoanzia, mikarafuu iliyoungua na umri wake. Rudini shambani baada ya miezi mitatu mhesabu tena, kwani mingine hufa baadaye. Mwombeni sheha aweke sahihi na muhuri. Wala msimtaje jirani kwa jina; andikeni "konde lililochomwa", inatosha. Daftari likigeuka la kushtakiana, watu watauficha moto, nasi tutarudi tulikotoka.

Mkiwa na daftari, barua huwa fupi. Kwa mfano: "Kaskazi iliyopita mioto 3 iliingia katika mashamba ya shehia yetu. Yote ilitoka katika makonde yaliyochomwa mchana. Mikarafuu 41 imekufa. Twaomba fedha za kufyeka ukanda wa mita 4 baina ya makonde na mikarafuu, za mabomba 6 ya mgongoni, na za mafunzo ya siku mbili. Kaskazi ijayo tutahesabu tena." Hapo msomaji aona sababu, dawa na kipimo. Pampu ya injini haimo, kwa sababu mlimani hakuna maji ya kuitosha.

Mchango wetu nao uandikwe. Siku 20 za watu 10 kufyeka ni siku za kazi 200. Zina thamani, ziwekwe katika hesabu kwa ujira wa kawaida wa kijiji. Bei za vifaa zitoke dukani kwa profoma, zisitoke kichwani mwa katibu. Kabla ya kupeleka barua, waonyesheni watu wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi mahali ukanda utakapopita. Wao wataona kosa ambalo sisi tumelizoea.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hutengenezwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Juni limekuta sahani zimeoshwa. Kwa hiyo makatibu wa matawi walete nakala za madaftari yao ofisini kwetu kabla ya mwisho wa Septemba, hata kama ukurasa una moto mmoja tu. Tawi ambalo halikupata moto nalo lilete daftari lake, limeandikwa "hakuna".