Kelele katika Kipimo cha Umeme wa Moyo

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme unaosambaa katika misuli yake hadi kufika kwenye ngozi. Ukifika hapo huwa umefifia sana. Wimbi kubwa kuliko yote, lile linaloandikwa vyumba vya chini vya moyo vinapoamshwa, kwa kawaida huwa na kimo cha takriban milivolti 1, ilhali betri ndogo ya saa ya ukutani ina volti 1.5. Mashine ya ECG inatakiwa kuinasa ishara hiyo hafifu ndani ya chumba chenye nyaya za volti 230 au 240, taa, feni na chaja za simu, kutoka kwa mtu anayepumua, anayeogopa na pengine anayetetemeka. Chochote kinachoingia katika rekodi bila kutoka moyoni huitwa kelele, ingawa hakisikiki kwa sikio.

Tatizo hili lina umri sawa na kipimo chenyewe. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, aliwataka watu aliowapima watumbukize mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite vizuri kutoka kwenye ngozi. Jeli iliyo chini ya elektrodi za leo hufanya kazi ileile ya maji yale, na ikikauka ni sawa na chombo kilichomwagika.

Umeme wa ukutani

Mashine haipimi volti za kiungo kimoja. Hupima tofauti kati ya viungo viwili. Umeme wa ukutani huufikia mwili mzima kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo mkono wa kulia na wa kushoto hubeba kelele inayolingana. Mzunguko ulio ndani ya mashine hutoa moja kutoka kwa nyingine, kelele ikafutika na ishara ya moyo ikabaki. Mashine nzuri huweza kupunguza kelele ya namna hiyo mara 100,000 hivi. Hata hivyo, hesabu hiyo inategemea sharti moja, kwamba mgusano wa elektrodi zote na ngozi ufanane. Elektrodi moja ikikauka, au ikibandikwa juu ya mafuta na jasho, kelele za pande mbili hazilingani tena, na tofauti yake hukuzwa pamoja na moyo.

Waya mweusi wa mguu wa kulia hudharauliwa na wengi kwa kuwa hauna lidi yake kwenye karatasi. Katika mashine nyingi za sasa, waya huo hurudisha mwilini mkondo mdogo mno, usiohisiwa na mgonjwa, ulio kinyume cha kelele iliyonaswa, ili kelele hiyo izimwe kabla haijakuzwa. Ukilegea, lidi zote huchafuka kwa pamoja.

Kelele ya umeme wa ukutani hutambulika kwa urahisi. Katika Afrika Mashariki umeme huo ni wa hezi 50, na karatasi ikienda kwa milimita 25 kwa sekunde, huonekana mawimbi 10 yanayofanana ndani ya kila kisanduku kikubwa, kama meno ya msumeno mdogo. Tiba yake huanzia kwenye ngozi: kufuta mafuta, kusugua kidogo kwa shashi kavu, kunyoa nywele inapobidi, kuacha spiriti ikauke na kubandika elektrodi mpya. Kisha simu na chaja ziondolewe kitandani, waya wa umeme usilazwe sambamba na nyaya za mgonjwa, na mashine ijaribiwe kwa betri yake. Kelele ikipungua sana mara mashine inapochomolewa ukutani, fundi aitwe akague soketi na waya wa ethi.

Mwili unaojiandika

Misuli mingine nayo ina umeme wake. Mgonjwa anayehisi baridi, aliyekaza mikono au anayezungumza huandika mistari isiyo na mpangilio. Ndiyo maana huambiwa alale kimya, na kumfunika kanga kunaweza kufaa kuliko kubonyeza vitufe. Mtetemo wa ugonjwa wa Parkinson huwa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mara 5 kwa sekunde ni mara 300 kwa dakika, kasi ileile ya mapigo ya haraka ya vyumba vya juu yanayojulikana kama flata.

Kosa hili si dogo. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa ya wagonjwa 12 ambao kelele zao zilidhaniwa kuwa mapigo ya hatari ya vyumba vya chini. Baadhi yao walipewa dawa za mshipani wasizozihitaji, wengine waliingizwa mirija ya uchunguzi moyoni, na mmoja alipandikizwa kifaa cha kushtua moyo.

Kinga ipo kwenye karatasi yenyewe. Lidi ya I huundwa na mikono miwili, ya II na mkono wa kulia na mguu wa kushoto, ya III na mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Mtetemo wa mkono wa kulia basi utachafua I na II, na kuiacha III ikiwa safi. Moyo hauwezi kuchagua hivyo. Aidha, ndani ya fujo huonekana mawimbi makali yakiendelea kwa nafasi zake za kawaida. Na kabla ya yote kuna mshipa wa mkononi: mgonjwa anayezungumza, mwenye mapigo 80 yanayohesabika kwa vidole, hana mapigo 300 ya vyumba vya chini.

Kichujio nacho hukosea

Karatasi ikichafuka, kishawishi ni kuwasha kichujio. Hapa usafi na usahihi huachana. Kichujio kinachokata kila kilicho juu ya hezi 40 hulainisha mistari ya misuli, lakini pia hupunguza kimo cha mawimbi makali na huweza kuficha alama nyembamba za kifaa cha kusaidia mapigo. Kwa uchunguzi wa mtu mzima, mpaka wa juu unapaswa kufika hezi 150, na kwa mtoto 250.

Mpaka wa chini una hatari zaidi. Kukata kilicho chini ya hezi 0.5 hutuliza mstari unaopanda na kushuka kwa pumzi, na hilo linatosha kwa skrini ya uangalizi. Lakini kipande cha ST, ambacho ndicho huangaliwa kwanza mtu anapokuja na maumivu ya kifua, hubadilika polepole, na kichujio cha aina hiyo huweza kukiinua au kukishusha pasipo ugonjwa wowote. Kwa hiyo mpaka unaotakiwa ni hezi 0.05, isipokuwa kwa mashine zenye vichujio vya kidijitali vilivyoundwa visipotoshe mawimbi ya polepole.

Karatasi isiyo na kelele hata kidogo pia inaweza kudanganya. Nyaya za mikono zikibadilishana, lidi ya I hugeuka juu chini kwa unadhifu kamili. Elektrodi za V1 na V2 zikiwekwa nafasi ya pili ya mbavu badala ya nne, kovu la moyo lisilokuwepo huweza kuonekana. Alama ya kipimo mwanzoni mwa karatasi isipokuwa na kimo cha milimita 10, vimo vyote vinavyofuata visomwe upya. Nakala inayowekwa katika faili la mgonjwa mwenye maumivu ya kifua iandikwe saa, vichujio vilivyotumika, na kama alikuwa akitetemeka. Daktari atakayeilinganisha na ya kesho hatakuwa na njia nyingine ya kujua kama kilichobadilika ni moyo au ni kitufe.