Kozi Nyepesi ni Ipi? Niliyojifunza Kuhusu Masomo ya Kuchagua Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yakishatoka, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni vijana niliowafundisha kidato cha tano na sita, wengi wao wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na swali lao halibadiliki: "Shikamoo madam. Hizi kozi za kuchagua, ipi nyepesi?" Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sanaa na ualimu, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Historia na Kiswahili. Mwaka wa kwanza niliingia pia madarasa ya falsafa na fasihi, nikitafuta yuniti za kujazia. Ninayowajibu vijana hao ni haya. Taratibu za vyuo hutofautiana, kwa hiyo anayesoma achukue yanayomfaa.

1. Uliza kazi yake ni ipi

Tukifika chuoni huwa tumeshazipanga kozi kwa majina. Falsafa inatisha, fasihi ni hadithi tu, historia tunaijua, Kiswahili ni chetu. Upangaji huo hauna msaada, maana kozi mbili zenye yuniti sawa zinaweza kukudai kazi za aina mbili kabisa. Fasihi inadai kurasa: riwaya nzima iwe imesomwa kabla ya semina ya Jumatano, na wiki inayofuata tamthiliya. Mantiki ina kurasa chache, ila ukurasa mmoja unaweza kukumalizia jioni yote. Isimu inadai mazoezi ya mara kwa mara, na ukiacha wiki mbili zipite huelewi tena kinachosemwa ubaoni. Historia inadai insha.

Mimi nasoma upesi, kwa hiyo fasihi haikunisumbua. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alitoka PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Riwaya ya kurasa mia mbili kwake ilikuwa adhabu, lakini mazoezi ya mantiki aliyafanya akiwa kwenye foleni ya chakula. Kama ungetuuliza sisi wawili kozi ipi ni nyepesi, ungepata majibu mawili ya kweli yanayopingana.

2. Kukizungumza Kiswahili ni jambo jingine

Hapa ndipo nimeona watu wengi wakishtuka. Kijana amezaliwa Tanga au Unguja, nyumbani hakuna lugha nyingine, anajiandikisha utangulizi wa isimu akiamini amepata kozi ya kupumzikia. Wiki ya tatu anaulizwa kwa nini tunasema "mwalimu" lakini "mtoto", ikiwa kiambishi cha mwanzo ni kile kile mu-. Jibu analo mdomoni tangu utotoni, ila hajawahi kulitazama. Inabidi aeleze kwamba mbele ya irabu ile u inageuka w, nao ni uyeyushaji, na mbele ya konsonanti inaachwa kabisa, nao ni udondoshaji. Kisha aandike kanuni, ajaribu kwa maneno mengine, akute neno linaloikataa kanuni yake, arudi kuirekebisha. Kazi hiyo iko karibu zaidi na maabara kuliko somo la ufahamu tulilolizoea sekondari.

Nimewahi kuona kijana wa Bukoba aliyekua na Kihaya akifanya vizuri zaidi ya wenzake wa pwani, kwa sababu alikuwa na lugha ya pili ya Kibantu ya kulinganishia, tena yenye toni.

Faida ya kweli ya kozi za Kiswahili iko kwingine. Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa chuoni kwetu, pale Mlimani, mwaka 1970 ilianza kufundisha kwa Kiswahili, wakati masomo mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako cha kuandikia bado kinayumba, insha moja katika muhula ambayo huitafsiri kichwani kabla ya kuiandika ni nafuu kubwa. Lakini istilahi utazikuta mpya hata hivyo: mofimu, alofoni, usilimisho. Zinakaririwa kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha.

3. Historia ya kidato cha sita haikupeleki mbali

Sisi walimu wa sekondari tunahusika na hili, nami sijitoi. Tunawafundisha vijana kujibu swali kwa utangulizi, hoja sita na hitimisho, kwa sababu ndivyo mtihani wa taifa unavyosahihishwa. Kijana anaingia chuo na hoja zake sita za chanzo cha Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907: kodi, mashamba ya pamba, kazi za kulazimishwa na nyinginezo. Anaziandika vizuri, anapata C, haelewi kwa nini.

Anayesahihisha chuoni anazijua hoja hizo. Anachotafuta ni umezipata wapi na kwa nini uziamini. Vita vya Maji Maji ni mfano mzuri hasa kwa sababu uchunguzi wake ulifanywa na chuo hicho hicho nilichosoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 John Iliffe alikuwa mhadhiri Dar es Salaam, na mwaka 1968 wanafunzi wa historia walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka vita au walioyasikia kwa wazazi wao. Nchi ilikuwa changa, na simulizi ya makabila mengi yaliyoungana dhidi ya Mjerumani ilikuwa na kazi ya kufanya. Wanahistoria wa baadaye, wakiwemo James Giblin na Jamie Monson katika kitabu walichokihariri mwaka 2010, wameuliza maswali mengine: ugomvi wa kienyeji uliokuwapo kabla, njaa, misitu na wanyama, na jinsi kila mahali palivyokuwa na vita vyake.

Kwenye semina moja mwenzetu alitaja tamthiliya ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, kama ushahidi wa maneno ya Kinjeketile mwenyewe, yule mganga wa Ngarambe aliyewapa wapiganaji maji ya dawa. Wengi wetu tulikuwa tumeisoma sekondari, hatukuona ubaya. Mhadhiri akauliza kwa upole: imetoka mwaka gani? 1969. Basi, akasema, ni ushahidi mzuri wa nini? Kilifuata kimya kirefu, kisha mjadala bora kuliko wote niliousikia mwaka ule, kwa sababu ghafla tuliona kwamba kitabu hicho kinaeleza mengi kuhusu Tanzania ya miaka ya Azimio la Arusha.

Mtu anayefurahia maswali ya namna hiyo ataiona historia nyepesi hata akipewa kurasa mia za kusoma. Anayetaka kuambiwa jibu na kulinakili ataiona ngumu mno, hata kama alipata A ya kidato cha sita.

4. Mantiki ni hesabu iliyovaa maneno

Walioikimbia hesabu kidato cha nne huikuta tena hapa ikiwasubiri. Mfano wa darasani: mvua ikinyesha Kariakoo, barabara ya Jangwani hufurika. Barabara ya Jangwani imefurika. Kwa hiyo mvua imenyesha Kariakoo. Nusu ya darasa hukubali, na mkazi wa Dar hukataa bila hata kusoma mantiki, kwa kuwa anajua Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu na Kisarawe, na mafuriko huweza kuja jua likiwaka mjini. Ila mtihani hautaki habari za Msimbazi. Unataka uonyeshe kwa alama kwamba muundo wenyewe wa hoja ni mbovu, hata ungehusu mbuzi na nyasi.

Uzuri wake ni kwamba ukipata umepata. Hakuna msahihishaji wa kusema insha yako haina kina. Kwa mtu anayehofia alama zinazotegemea jicho la anayesahihisha, mantiki ni kimbilio zuri kuliko watu wanavyodhani. Sehemu nyingine za falsafa haziko hivyo. Kuwasoma Nkrumah na Nyerere kama wanafalsafa kunadai insha, tena insha ngumu, kwa kuwa majina hayo tumeyazoea kwenye hotuba na huwa tunayaandikia sifa badala ya kuyahoji.

5. Fasihi simulizi haiishii kwenye hadithi za bibi

Sehemu hii ni fupi, onyo lake ni moja. Kozi ikikutaka ukakusanye hadithi au nyimbo, muda mwingi utaumaliza baada ya kurekodi. Saa moja ya sauti ya mzee anayesimulia, anakatizwa na wajukuu, anarudia, anacheka, huchukua siku nzima kuiandika neno kwa neno. Na kama kasimulia kwa Kizigua au Kimakonde, tafsiri bado.

6. Waulize waliopata C

Tukifika tunamtafuta wa mwaka wa pili aliyepata A, naye anasema kozi ni laini, pitia madesa tu, yaani noti za waliotangulia. Halafu tunamkuta aliyesapu, yaani aliyerudia mtihani, anasema mkimbie yule mhadhiri. Wote wawili wanasimulia habari zao wenyewe. Aliyepata C au B ya kawaida ndiye wa kukaa naye, na maswali yawe ya kazi: mlisoma nini wiki ya sita? Tesiti ilikuwa ya kueleza au ya kuchagua jibu? Kazi za kikundi zilikuwa na watu wangapi, na nani aliandika? Insha zilirudishwa na maoni, au na alama tupu? Mhadhiri ni yule yule mwaka huu? Hili la mwisho husahaulika, na kozi ile ile mikononi mwa mtu mwingine ni kozi nyingine.

Uliza pia alama zinagawanywaje. Arobaini za kazi za muhula na sitini za mtihani wa mwisho ni mgawanyo wa kawaida, lakini hizo arobaini zinaweza kuwa tesiti mbili, au insha moja na uwasilishaji wa kikundi. Kwa mtu mwenye haya ya kusimama mbele za watu, tofauti hiyo ina uzito kuliko jina la somo.

7. Kredita ni saa, zihesabu

Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kredita moja ni saa kumi za kazi, ukijumlisha mhadhara, semina na kujisomea. Kozi ya kredita 12 ni saa 120. Zigawanye kwa muhula wa wiki kumi na tano unapata saa nane kila wiki, kwa kozi moja. Chukua muhtasari wa kozi, hesabu kurasa za kusoma, jipime unasoma kurasa ngapi za Kiingereza kwa saa ukielewa, kisha uone kama saa nane zinatosha. Hesabu hii ya dakika kumi haifanywi na mtu, na ndiyo inayoeleza kwa nini mwenye kozi mbili za riwaya nzito katika muhula mmoja anaanza kulala darasani mwezi wa pili.

Kama chuo chako kinaruhusu kubadilisha kozi wiki za mwanzo, kaa kwenye madarasa mengi kuliko utakayojiandikisha. Nenda semina, usiishie kwenye mhadhara. Kwenye mhadhara wa watu mia nne kila kozi inaonekana nyepesi.

8. Angalia mfuko na mwaka wa pili

Riwaya tatu na tamthiliya mbili ni pesa, na nakala za maktaba hazitoshi darasa zima. Kozi zenye safari za uwandani nazo zina gharama, akiolojia hasa. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, huchelewa. Uliza mapema nani analipia usafiri, na kama vitabu vinaweza kutolewa kopi sura kwa sura. Halafu soma kijitabu cha programu kwa mwaka unaofuata: mara nyingi fonolojia haikupokei bila utangulizi wa isimu, na kuna kozi za historia zinazotaka uwe umeshapita ile ya mbinu za utafiti. Mwanafunzi wangu mmoja aliikwepa isimu mwaka wa kwanza kwa kuogopa jina, mwaka wa pili akataka kubobea kwenye Kiswahili, ikabidi aisome akiwa amekaa na walioanza chuo mwezi huo. Alifaulu, tena vizuri, ila mwaka wa tatu alimaliza ratiba yake ikiwa na vipindi hadi saa moja jioni siku ya Ijumaa.