Haki ya Jamaa Aliyefia Vitani

Kijana mmoja wa Bukene, aliyeingia katika Uislamu si zamani, alinijia na swali ambalo naona linawahusu wasomaji wetu wengi, hasa wale waliotoka katika nyumba zenye mila za mizimu. Babu wa bibi yake alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaondoka na mzigo kichwani, asirudi. Hakuna ajuaye alikofia. Hana kaburi, wala hakufanyiwa matanga. Sasa mtoto mmoja katika ukoo ameugua, na wazee wamesema kwamba ni yule marehemu anayedai kurudishwa nyumbani: basi kijengwe kibanda cha mzimu, ipikwe pombe, achinjwe mbuzi, na kila mmoja atoe fungu lake. Kijana alipokataa kutoa aliambiwa, "Dini yako imekufundisha kuwatupa waliokuzaa." Akaniuliza, "Sheikh, je, ni kweli nimemtupa?"

Swali kama hili halifai kujibiwa kwa neno moja tu, haramu, kisha mtu akarudishwa kwao. Mimi pia niliwahi kujibu hivyo nilipokuwa kijana, na sijivunii. Katika madai ya wale wazee mna mambo mawili yaliyochanganyika: ushirikina, ambao hatuna ruhusa ya kuushiriki, na huzuni ya haki ya watu waliodhulumiwa.

Kwanza tuitazame dhuluma yenyewe. Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi tangu karne ya 19, walipokuwa wakishuka na misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Lakini kazi ile ilikuwa ya ujira, na kijana aliyerudi kutoka pwani alirudi na heshima. Upagazi wa vita haukuwa hivyo. Wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa mbung'o, magari yakazama katika matope. Kwa hiyo kila jeshi lilitwaa binadamu. Wajerumani waliwatwaa. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yaliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 chini ya Jenerali Tombeur, nayo yaliwatwaa. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi walikuwa kama milioni moja, na waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 90,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, baridi na njaa. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam Sanamu ya Askari, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi kwa jumla, lakini hakuna jina hata moja lililochorwa pale. Ilipofika mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua laki moja, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Yaani ilichukua zaidi ya miaka mia moja kusema neno ambalo bibi wa Bukene alikuwa akilijua tangu utotoni.

Kwa hiyo uchungu wa kukosa kaburi si uchungu wa kipagani. Abdullah bin Amr bin Haram (r.a.) aliuawa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijriya, akazikwa pamoja na mwingine katika kaburi moja, kwani maiti walikuwa wengi. Mwanawe, Jabir (r.a.), hakutulia moyo. Baada ya miezi sita alimtoa baba yake akamzika peke yake. Huyu ni Sahaba mkubwa, na hamu yake ilikuwa ile ile ya wazee wetu: kujua kwamba baba amelala mahali pake.

Lakini angalia Jabir alifanya nini zaidi. Baba yake alikuwa ameacha deni kubwa na mabinti wasio na mama. Jabir alitafuta kulilipa deni kwa tende za shamba lao, na Mtukufu Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka mpaka likalipwa lote. Kisha alipooa, akamchagua mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ili awe mlezi wa dada zake. Hiyo ndiyo heshima aliyompa baba yake. Na tusisahau kwamba Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa hata shahidi husamehewa yote isipokuwa deni.

Vile vile Jafar bin Abi Talib (r.a.), binamu yake Mtukufu Mtume, alipouawa huko Muta mwaka wa 8 Hijriya, Mtukufu Mtume alilia. Aliamuru watu waipikie chakula nyumba ya Jafar, kwa kuwa wafiwa walikuwa wamelemewa na msiba wao. Akawaita watoto wa marehemu, akawachukua katika ulezi wake. Siku hizi sisi tumeligeuza jambo hili: wafiwa ndio wanaotulisha, na mjane huuza ng'ombe ili majirani washibe.

Kijana akaniuliza tena: "Lakini yeye hakuwa Mwislamu. Hali yake ikoje?" Hapa yatupasa kuwa na adabu. Kurani Tukufu yatufahamisha kwamba Firauni alimwuliza Nabii Musa (a.s.) habari za vizazi vilivyopita. Musa hakuwahukumu. Alijibu kwamba ujuzi wao uko kwa Mola wake, umeandikwa Kwake, naye hapotewi na kitu wala hasahau. Mtu aliyekufa njiani na mzigo wa jeshi la kigeni, ambaye pengine ujumbe haukumfikia, tumwachie Mwenyezi Mungu, ambaye haadhibu kabla ya kuleta mwonyaji. Kama alikuwa Mwislamu, kama walivyokuwa wapagazi wengi, basi aombewe dua; na ajue jamaa yake kwamba Mtukufu Mtume alimhesabu muumini afaye kwa ugonjwa wa tumbo miongoni mwa mashahidi. Na ambaye jamaa yake amelala Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na askari wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, anaruhusiwa kulizuru kaburi na kuomba dua.

Basi nilimwambia kijana: mtoto apelekwe hospitali na aombewe, maana maiti hamdhuru mjukuu wake. Fungu la pombe usitoe. Badala yake nenda kwa bibi yako na daftari, umwulize jina la huyo mzee, aliacha nani, alikuwa na deni la nani.

Alirudi baada ya wiki kadhaa. Mtoto alikuwa amepata nafuu kwa dawa. Wazee wawili bado hawasemi naye. Bibi alifurahi kuulizwa. Alimpa majina mawili, la kuzaliwa na lile alilopewa na wenzake safarini, na akakumbuka kusikia kwamba mzee aliondoka na jembe la jirani lililokuwa halijarudishwa. Kijana alinunua jembe jipya sokoni akalipeleka kwa wajukuu wa jirani yule. Walicheka sana. Kisha mkubwa wao akanyamaza, akalipokea kwa mikono miwili.