Presha Kali kwa Mjamzito: Dawa Ipo, Wahi Kituoni

Presha ya mjamzito ikifika 160 kwa namba ya juu, au 110 kwa namba ya chini, ni dharura. Namba moja tu inatosha. Presha kali yaweza kupasua mshipa wa ubongo, kuleta kifafa cha mimba, au kufanya kondo la nyuma liachie kabla ya wakati. Mama anaweza kuwa nayo bila kuhisi lolote. Ndiyo maana hupimwa kila anapohudhuria kliniki.

Nenda kituoni mara moja, usiku au mchana, ukiona:
- kichwa kinauma sana na hakitulii
- macho yana ukungu au maluweluwe
- maumivu chini ya mbavu, hasa upande wa kulia
- uso na mikono imevimba ghafla
- kupumua kwa shida, au degedege

Matibabu utakayopewa

Dawa ya kushusha presha inapaswa kuanza ndani ya saa moja: sindano ya haidralazini au labetaloli kwenye mshipa, au nifedipini ya kumeza. Presha haishushwi kwa pupa, kwa kuwa ikianguka ghafla mtoto hukosa damu ya kutosha tumboni. Kwa hiyo utapimwa tena na tena.

Ukiwa katika hatari ya kifafa cha mimba, utachomwa pia magnesiamu salfeti. Hii si dawa ya presha, inazuia degedege. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Unaweza kuhisi joto mwilini inapoingia. Usiogope, bali mwambie muuguzi.

Presha inayotokana na mimba kwa kawaida huondoka taratibu baada ya kujifungua, hivyo daktari anaweza kushauri mtoto azaliwe mapema.

Usijitibu nyumbani

Usimeze dawa za presha za mtu mwingine. Kaptoprili, enalaprili na losatani huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Kama ulikuwa ukizitumia kabla ya mimba, mwone daktari haraka akubadilishie. Wengi hupewa methildopa au nifedipini.

Baada ya kujifungua

Hatari haijaisha. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata siku kadhaa baadaye. Endelea na dawa ulizoandikiwa na rudi kupimwa.

Baba, mama mkwe, jirani: mjamzito akilalamika kichwa au macho, msimwambie apumzike kwanza. Tafuteni usafiri, chukueni kadi ya kliniki, mpelekeni sasa.