Kuusoma Uso wa Programu ya Kuchora Ramani ya Kijiji

Ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi, katika kijiji kama Likawage, huonyesha mashamba yaishiapo na msitu uanziapo. Ramani hiyo yaweza kuchorwa kwa QGIS, programu isiyolipiwa.

Juu ya kioo kuna menyu. Chini yake, alama za vifaa vya kukuza, kusogeza na kuchora. Katikati ni uwanja wa kuchorea. Kushoto ni orodha ya matabaka: barabara, visima, mashamba, msitu. Tabaka la juu hufunika la chini, na mchoro huingia katika tabaka lililochaguliwa pekee.

Chini kabisa ni mstari wa taarifa, wenye majiranukta, skeli na mfumo wa vipimo. Hapo ndipo penye hatari. Vipimo vya GPS hufuata mfumo wa WGS 84, ilhali ramani za zamani za Tanzania hufuata Arc 1960. Mifumo hiyo ikichanganywa, mpaka huhama takribani mita 300, na shamba la mtu huonekana limo msituni.

Kwa hiyo, mstari huo usomwe kabla ramani haijafikishwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.