Skrini Nyeusi Baada ya Laptopu Kulala: Mafunzo Niliyopata

Laptopu za Linux zinazoletwa mezani kwangu huja na lalamiko linalofanana. Ukiikunja inalala vizuri. Ukiifungua taa inawaka, feni inazunguka, ila kioo ni giza tupu. Mwenyewe huwa ameshaambiwa kadi ya grafiki imeungua. Mara nyingi si kweli, na inaniuma kuona mtu ananunua bodi nyingine kwa tatizo la programu.

1. Tambua kwanza kilichokufa. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitikia, kwa kawaida kerneli bado ipo hai. Kisha bonyeza Ctrl+Alt+F3, au ingia kwa SSH kutoka kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile. Ndiyo maana kila laptopu yenye ugonjwa huu huwa naiwekea openssh-server mapema. Ukifanikiwa kuingia, kompyuta inafanya kazi. Wa kushukiwa ni draiva ya grafiki.

2. Usikimbilie kushikilia kitufe cha kuzima, kwa sababu mistari ya mwisho ya logi, ile unayoihitaji hasa, inaweza kupotea kabla ya kufika kwenye diski. Shikilia Alt na SysRq, kisha bonyeza S, U, B kwa kupumzika kidogo kati ya herufi na herufi. S inaandika data kwenye diski, U inaifunga diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Ikishawaka, andika `journalctl -k -b -1` usome yaliyotokea kabla. Tafuta mstari wa "PM: suspend entry" uendelee chini yake. Draiva ya amdgpu hulalamika "ring gfx timeout", i915 husema "GPU HANG", na ya NVIDIA hutoa namba za Xid. Mstari mmoja wa namna hiyo una thamani kubwa kuliko kubahatisha kutwa nzima.

3. Kumbukumbu ya kadi haihifadhiki yenyewe. Katika usingizi mzito, ule wa S3, kadi hukatiwa umeme na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu hiyo (VRAM) hufutika. Draiva inapaswa kukihamisha kabla ya kulala na kukirudisha ikiamka. Kisiporudi salama, utaona herufi zilizochanika, au mazingira yote ya dawati yanaanguka. Draiva ya NVIDIA ina mpangilio wa kazi hiyo: `NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1`, pamoja na huduma za nvidia-suspend na nvidia-resume. Angalia pia `NVreg_TemporaryFilePath`. Isipoelekezwa kwingine, data hiyo huenda /tmp, na /tmp ikiwa ndani ya RAM nafasi inaweza isitoshe. Mimi huielekeza /var/tmp.

4. Usingizi una aina zake. `cat /sys/power/mem_sleep` itakuonyesha s2idle peke yake au pamoja na deep, ule usingizi mzito, na inayotumika imo ndani ya mabano. Kama deep ipo, ijaribu. Kama ndiyo inayotumika, jaribu s2idle. Laptopu nyingi mpya hazina tena deep, basi hapo usihangaike.

5. Usifute kerneli ya zamani. Ichague kwenye menyu ya GRUB. Ikiamka bila shida, tatizo limekuja na sasisho.

6. Kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakijui: /sys/power/pm_test. Ukikiandikia "devices" kisha ukailaza mashine, kerneli inavilaza vifaa, inasubiri sekunde 5, inaviamsha, bila mashine kuingia kwenye usingizi wa kweli. Ikifia hapo, mshukiwa ni draiva. Ikipita hapo lakini ikafa kwenye usingizi wa kweli, ishuku BIOS pia. Mara nyingine sasisho la BIOS peke yake linatosha. Ukimaliza, kiandikie "none".

7. Ripoti tatizo. Watengenezaji wa amdgpu na i915 hupokea ripoti kwenye gitlab.freedesktop.org. Wape logi nzima, jina la kadi, toleo la kerneli lililoamka na lile lililokwama. Kwa matoleo hayo mawili wanaweza kuyachuja mabadiliko ya katikati mpaka wampate mkosaji.