Mwanakondoo Akizaliwa Anatetemeka

Mwanakondoo anazaliwa miguu imepinda, haoni, kichwa kinatikisika, na hata chuchu ya mama hawezi kuitafuta. Huku kwetu Matsangoni, wengine watasema ni jicho la mtu. Kabla ya kumtafuta mwenye jicho, hesabu miezi kurudi nyuma.

Mimba ya kondoo ni miezi mitano hivi. Kuna virusi viitwavyo Akabane, vinavyoenezwa na visubi na mbu. Jike akiumwa katika mwezi wa pili wa mimba, yeye mwenyewe huenda asionyeshe dalili yoyote, lakini ubongo wa mwana aliye tumboni huharibika. Kwa hiyo mwana aliyezaliwa hivyo Septemba huenda aliumia Mei, masika yalipokuwa yamekolea na vidimbwi vimejaa. Dawa ya kumponya haipo. Asiyeweza kunyonya ni afadhali asiachwe ateseke. Mama yake hana kosa, usimuuze kwa hofu.

Homa ya Bonde la Ufa ni hatari zaidi. Ilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, taarifa yake ikachapishwa 1931, na waliokufa kwa wingi walikuwa wanakondoo wachanga. Huumiza zaidi ini: majike hutupa mimba kwa mkupuo, na vitoto hufa ndani ya siku moja au mbili. Lakini inahusika na ubongo kwa njia nyingine. Chanjo yake ya zamani yenye virusi hai, aina ya Smithburn, ikidungwa kondoo mwenye mimba inaweza kuharibu mimba au ubongo wa mwana. Mchanjaji akija, mwambie mapema ni yupi ana mimba, wengine hawaulizi.

Mlipuko wa homa hiyo wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya. Basi mimba iliyotupwa usiishike kwa mikono mitupu, usimpe mbwa, na nyama ya mnyama mgonjwa isiingie jikoni hata kama ni bure.

Ikiwa mwana alizaliwa mzima, akacheza wiki kadhaa, kisha akaanza kuyumba, kutokwa mate na kulia kwa sauti ngeni, fikiria kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni ukidhani amekabwa na kitu. Mtenge. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye jeraha aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Si kila kutetemeka ni virusi. Maji moyo, ugonjwa wa kupe, nao huchanganya akili ya mnyama, na huo unatibika ukiwahiwa. Pepopunda humkakamaza mwana baada ya kukatwa kitovu au mkia kwa kisu kichafu. Ndiyo maana afisa mifugo atakuuliza: alizaliwa hivi au alianza baadaye? Mvua kubwa ilinyesha lini? Kupe wapo? Mama alichanjwa mwezi gani? Andika majibu kabla hujampigia simu, na mzoga usiuzike wala kuupasua mpaka aseme.